Warsha Tunazo, Karakana Ziko Wapi?

Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala mpya lilipoingia Gredi ya 10, mazungumzo ya barazani yamebadilika. Zamani mtu alikuwa akiulizwa, "Mwanao amepata alama ngapi?" Sasa huulizwa, "Mwanao amefuata njia gani?" Njia zenyewe ni tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ile ya sayansi za jamii; na ile ya sanaa na michezo. Sisi tunaokunywa kahawa baada ya Isha, ambao wengi wetu hatukuwahi kuchaguliwa njia yoyote isipokuwa ile ya chuoni na ile ya skuli, tumejikuta tukibishania uhandisi kana kwamba ni mpira.

Serikali imesema inataka walio wengi wafuate njia ya sayansi. Basi kila likizo ikifika utaona matangazo yamebandikwa kuanzia Likoni hadi Mtwapa: warsha ya roboti, warsha ya kompyuta, warsha ya mwanasayansi chipukizi. Nyingine ni za kulipia, nyingine ni za bure kwa hisani ya mashirika. Mimi sina ugomvi nazo. Kazi yangu ya uandishi imenipeleka katika kadhaa, na sikuona hata moja ambayo watoto walisinzia. Hilo peke yake ni jambo kubwa, kwani nimehudhuria hotuba nyingi za wakubwa kuhusu sayansi ambazo hata msema mwenyewe alisinzia.

Lakini kwa ruhusa yako, msomaji mpendwa, na tuyatazame maneno mawili ambayo siku hizi huchanganywa. Warsha, kwa matumizi yetu ya sasa, ni mkutano. Watu huja, hufunzwa jambo, hunywa chai, hupigwa picha, kisha wakaenda zao. Karakana ni mahali. Neno hili tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao kar ni kazi na khana ni nyumba. Yaani nyumba ya kazi. Nyumba haiji asubuhi ikaondoka jioni. Hubaki pale pale, na mwenye kushindwa leo huirudia kesho. Nami naona watoto wetu wanapewa warsha pale wanapohitaji karakana, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua ni nani kati yao atakayedumu katika hiyo njia ya sayansi baada ya kuichagua.

Chukua mfano wa warsha moja niliyoiona Kisauni, katika ukumbi wa skuli ambayo sitaitaja. Watoto walikuwa kiasi cha sitini, wa miaka kumi hadi kumi na minne, na masanduku manane ya vifaa yaliyoletwa kwa gari. Ndani yake mlikuwa na betri, nyaya za rangi, mota ndogo ndogo, vigari vya plastiki na vile vitaa vidogo vya elektroniki vyenye miguu miwili ya chuma. Kijana mfundishaji alikuwa hodari, na alisema kwa Kiingereza chepesi. Watoto wakajibizana wao kwa wao kwa Kimvita.

Nilisimama nyuma ya binti mmoja aliyekuwa amevaa mtandio mweupe. Alifunga nyaya zake kama alivyoelekezwa, kitaa hakikuwaka. Jirani yake akamwambia betri imekufa. Yeye hakubishana, alikichomoa kile kitaa, akakigeuza miguu, akakirudisha. Kikawaka. Akakigeuza tena, kikazima. Akafanya hivyo mara nne au tano, polepole, bila kumwangalia mtu. Nikamuuliza, "Imekuwaje, mwanangu?" Akanijibu, "Ami, hiki umeme wapita upande mmoja tu. Ukija na mlango wa nyuma haufunguliwi."

Mfundishaji alikuwa bado hajafika katika somo hilo. Kitu alichokigundua yule binti ndicho wahandisi wanachokiita diodi, na bila ya diodi hapangekuwa na redio mezani kwako wala chaja ya simu ukutani kwako. Aligundua kwa sababu alipewa nafasi ya kugeuza, na hakuna aliyemwambia acha kuchezea.

Ilipofika saa kumi vifaa vilirudishwa masandukuni na kuhesabiwa. Ukakosekana waya mmoja mwekundu. Watoto wote sitini wakazuiliwa ukumbini, madrasa yakiwangojea, hata waya ulipopatikana katika mfuko wa kijana mdogo ambaye, alivyosema mwenyewe, alitaka kujaribu nyumbani kwa betri ya rimoti. Akagombezwa. Masanduku yakafungwa, gari likaondoka. Siwalaumu waliokuja, kwani masanduku yale yalikuwa yakingojewa na skuli nyingine. Ila niliona kuwa yule mtoto mwizi wa waya ndiye aliyekuwa ameifahamu siku ile kuliko sote. Yeye alikuwa anatafuta karakana.

Na jambo hili si geni kwetu. Sisi tuliokuwa madarasani Rais Moi alipouanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 tunakumbuka kwamba nia yake ilikuwa ni hii hii: mtoto atoke skuli mikono yake ikijua kazi. Useremala, ushonaji, upishi, kilimo na sanaa viliingizwa katika masomo. Wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana, nazo zilijengwa. Ziliezekwa mabati, zikatiwa meza nzito, na pengine jiliwa moja lililokazwa kwa bolti ukingoni mwa meza; kisha fedha zikaisha kabla ya kununua misumeno. Wakati wa kupeleka kazi za mikono ulipokaribia, ilijulikana wazi kwamba bei ya vikapu na vifagio hupanda sokoni, kwani wanafunzi walikuwa wakinunua na kuviwasilisha kama vyao. Mwalimu alijua, mkaguzi alijua, na mama muuza vikapu alijua zaidi ya wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipopunguzwa uzito, mengi ya masomo hayo yaliondolewa. Karakana zikawa madarasa, au maghala ya madawati yaliyovunjika.

Wakati ule tulikuwa na nyumba isiyo na zana. Leo tuna zana zisizo na nyumba.

Lakini kabla ya yote hayo, Mombasa ilikuwa na vyote viwili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliasisiwa taasisi iliyoitwa Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo wazee wetu waliifupisha kwa kuiita MIOME. Gavana wa wakati huo, Sir Philip Mitchell, ndiye aliyelipigia mbio jambo hilo, na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora wakatoa michango yao. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Kusudi lake halikuwa kufunza dini, ingawa jina lake lina Uislamu. Lilikuwa kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, wasiachwe nyuma na wakati. Mwaka 1966 ikageuzwa Chuo cha Ufundi cha Mombasa, kilicho wazi kwa watu wote, baadaye ikawa Politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale pale Tudor.

Ni fahari kupanda daraja hivyo, na sitaki kuirudisha historia nyuma. Hata hivyo kila daraja iliyopandwa imekipandisha kizingiti cha mlango. Mtoto wa miaka kumi na miwili wa Majengo au wa Kongowea hawezi leo kuingia Tudor akashika tupa. Atangoje hadi amalize sekondari, na apate alama. Na tuseme kweli, nasi tulichangia. Katika nyumba nyingi za mji wa kale, kalamu ilithaminiwa kuliko msumeno. Ukarani ulikuwa na shati jeupe na heshima ya mtaani. Fundi alikuwa mtu wa kuitwa kwa mlango wa uani. Mama akimwona mwanawe ana mafuta ya gari mikononi alidhani ameshindwa na masomo. Fikira hiyo haijafa, imevaa nguo mpya tu: sasa mzazi anataka mwana mhandisi, lakini mhandisi asiyechafuka.

Kuwa karibu na sayansi nako si kuigusa. Nani katika watu wa kaskazini asiyeijua Ngomeni? Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa letu, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, na kwa ajili ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanywa kwa kazi hiyo peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo basi katika historia ya elimu ya nyota, na lilirushwa kutoka maji ya wavuvi wetu. Lakini sijakutana na mtu wa Ngomeni wa umri wangu aliyeniambia kwamba utotoni alishikishwa hata skrubu ya mtambo wowote pale. Waliona moshi, wakasikia kishindo.

Nisije nikafahamika kwamba karakana ni lazima iwe na mitambo ya bei kali. Chuoni kwetu, mwalimu alitufunza kujua wakati wa Alasiri kwa kijiti. Ukikisimamisha kijiti wima juani, kivuli chake hupungua hadi jua lifike kati, hiyo ndiyo zawali, kisha huanza kurefuka upande wa pili. Kivuli kikifikia urefu wa kijiti chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwako wakati wa zawali, Alasiri imeingia kwa madhehebu yetu ya Kishafii. Tulipima kwa shubiri, tukagombana, tukapima tena. Hatukuambiwa kuwa hiyo ni sayansi. Tuliambiwa ni wakati wa sala, nasi tukawa makini zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa mpe mtoto wa leo kijiti hicho na saa ya mkononi, umwache nacho mwaka mzima. Ataona kwamba hapa Mombasa kuna siku mbili kivuli cha adhuhuri hutoweka kabisa: karibu na tarehe 10 Machi, na tena karibu na tarehe 3 Oktoba. Siku hizo jua liko utosini hasa, kwa kuwa mji wetu uko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Naye akiwa mwerevu ataona jambo la ajabu zaidi. Machi kivuli hutoweka mnamo saa sita na nusu mchana, na Oktoba hutoweka mnamo saa sita na dakika kumi. Jua lilichelewa au saa iliharibika? Vitabu vitamjibu kwamba dunia hailizungukii jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na kwamba imeinama. Lakini atakwenda vitabuni akiwa na swali lake mwenyewe mkononi, na hiyo ndiyo tofauti ya mwanafunzi na kasuku. Warsha ya siku moja haiwezi kumpa swali hilo, kwani swali lenyewe huchukua miezi saba kuzaliwa.

Au mpe kisanduku cha viatu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi yake Misri na kufariki karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya mwanga, Kitab al-Manazir, ambacho Ulaya ilikisoma kwa tafsiri ya Kilatini kwa karne nyingi. Alichunguza mwanga katika vyumba vya giza vyenye tundu, wala hakutosheka na kauli ya mtu aliyemtangulia mpaka ameijaribu. Mtoto akitoboa kisanduku kwa sindano upande mmoja, na upande wa pili akabandika karatasi iliyopakwa mafuta, akajifunika nguo nyeusi akaelekeza tundu kwenye mnazi ulio juani, ataona mnazi juu ya karatasi, umepinduka, makuti chini shina juu. Kwa nini umepinduka? Mwanga hwenda moja kwa moja; ule wa juu hupita tunduni ukaangukia chini, na ule wa chini ukaangukia juu. Bei ya yote hayo haifiki bei ya soda. Tunapenda sana kumtaja Ibn al-Haytham katika hotuba za Ijumaa na za Maulidi, jinsi Waislamu walivyoitangulia Ulaya. Ingekuwa vyema tukimtaja huku tumeshika sindano.

Hapa pana suala la lugha pia. Kwa utaratibu wetu mtoto hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Sipingi, kwani mitihani na kazi zina lugha yake. Ila yule binti wa Kisauni alifahamu diodi kwa mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na jibu hilo akiliandika vile alivyolisema sijui mtahini atalipa nini. Karakana ina faida kwamba mikono husema kwanza, na ulimi wa nyumbani ukafuata. Kiingereza kitakuja kikute jambo limekwisha kueleweka.

Na walimu tunao. Mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo kilichoitwa Flipflopi, cha mita tisa hivi, kilichoundwa na Bwana Ali Skanda na mafundi wenzake kwa plastiki iliyookotwa: kiasi cha tani kumi, na mbavu zake zikapambwa kwa ndara 30,000 zilizotupwa fuoni. Mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Wageni waliandika sana kuhusu taka na bahari, na ni haki yao. Mimi kilichonishangaza ni ufundi. Mkuku na mataruma ambayo siku zote huchongwa kwa mti, mafundi walilazimika kuyachonga kwa kitu kisicho na nyuzi, kinacholegea kwa joto, kisichoshika msumari kama mti unavyoshika. Huwezi kufanya hivyo kwa mazoea. Ni lazima ujaribu, upime, uvunje, ujaribu tena. Wenye maabara hulipia fedha nyingi kupata watu wa namna hiyo, nasi tunao wamekaa kwenye kivuli cha mkungu wakiwa na tezo na keekee, hakuna skuli iliyowaita.

Vivyo hivyo Gazi, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mpango wa Mikoko Pamoja, na kuuza haki ya hewa ya ukaa ambayo miti hiyo imeifungia. Fedha zimesaidia maji na skuli. Lakini ili ijulikane miti imefunga kiasi gani, ni lazima mtu aingie topeni na utepe, apime unene wa shina kwenye urefu wa kifua, na kwa mkoko wenye mizizi ya magoti apime juu ya mizizi. Hisabati hiyo ina harufu ya matope, na nadhani mtoto aliyeifanya haisahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Masheikh wetu wametufunza kwamba kitu cha waqfu ni kile ambacho manufaa yake hutumika na chenyewe kikabaki. Ndiyo maana watu wameweka waqfu visima, nyumba, misahafu, mikeka, na hata majeneza. Sioni kwa nini mtu asiweke waqfu jiliwa, hadubini au mashine ya kukereza. Ni kitu kinachobaki, na hakipandishwi garini saa kumi. Wako matajiri wetu wanaotoa zulia la pili kwa msikiti ambao zulia lake la kwanza halijachakaa. Wanazuoni watuambie kama kuna kizuizi. Niliowauliza mpaka sasa hawakunitajia.

Mahali napo pako. Madrasa zetu nyingi zina vyumba ambavyo hukaa vitupu saa za asubuhi, na vingine hukaa vitupu siku nzima isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Chumba kimoja kwa kila mtaa kingetosha kuanzia: meza mbili nzito, jiliwa, randa, misumeno, betri na nyaya, lenzi chache, kompyuta moja au mbili zilizotumika, na kijiti cha kivuli uani. Wale wa warsha na masanduku yao waendelee kuja, nao wakaribishwe, kwani wana vitu tusivyo navyo. Lakini wakute watoto waliokwisha kushika bisibisi, na wakiondoka waache nyuma kazi ya kuendelezwa. Wasichana wapewe siku zao au saa zao kama wazee watapenda hivyo, mradi wasipewe siku chache kuliko wavulana.

Neno moja tu juu ya ufunguo, maana hapo ndipo karakana za 1985 zilipofia. Ufunguo ulikaa kwa mwalimu mkuu, na zana zile chache zikahifadhiwa vizuri hata zikapata kutu. Huu usikae kwa mwalimu mkuu wala kwa katibu wa kamati. Ukae kwa fundi mwenyewe, mtu mzima wa mtaani anayejulikana, afungue baada ya Alasiri na kufunga kabla ya Magharibi, siku tano kwa wiki, na alipwe. Mombasa ina maduka ya waqfu yanayolipa kodi kila mwezi. Sidhani kodi ya duka moja itashindwa kumlipa fundi kwa saa hizo. Na nyaya zitakazopotelea mifukoni mwa watoto ziandikwe katika hesabu pamoja na chaki.